Meno Yaliyotokeza Mbele, na Jinsi Yanavyorudishwa

Mwanafunzi achukue kioo kidogo, asimame mahali penye mwanga, na aume magego yake taratibu kama mtu amezaye mate. Asilisukume taya mbele wala asilirudishe nyuma. Kisha afungue midomo tu, meno yabaki yameumana. Ataona ya kuwa meno ya mbele ya juu hayakulaliana sawasawa na ya chini kama mawe mawili ya kusagia. Yamekaa nje kidogo, na yamefunika sehemu ya meno ya chini, kama kifuniko cha kibweta kinavyoshuka kuufunika ukingo wake. Hivyo ndivyo meno ya watu wengi yanavyoumana, wala si kasoro.

Mambo mawili hupimwa hapo, nayo yafaa kutenganishwa, maana watu huyachanganya. La kwanza ni kutangulia: meno ya juu yameyatangulia ya chini kwa kiasi gani kwenda mbele? Mahali palipo sawa nafasi hiyo ni milimita 2 au 3, karibu na upana wa punje ya mchele. La pili ni kufunika: meno ya juu yameshuka kiasi gani mbele ya uso wa meno ya chini? Hapo pia milimita 2 au 3 ni kiasi chema, yaani kama theluthi ya urefu wa jino la chini linaloonekana. Mtu aweza kuwa na kasoro moja bila ya pili. Yuko ambaye meno yake ya juu yametokeza mbele hata midomo haikutani mpaka ailazimishe. Na yuko mwingine ambaye hayakutokeza hata kidogo, lakini akiuma, meno ya chini hayaonekani kabisa, kana kwamba yamemezwa na ya juu. Tena wako wenye zote mbili.

Mfikirie msichana wa miaka 11, aliye darasa la tano. Meno yake mawili makubwa ya juu yametangulia milimita 9. Akicheka hufunika kinywa kwa kiganja. Akiambiwa asome kwa sauti mbele ya wenzake, husoma ameinamisha uso kitabuni, na mwalimu asiyejua sababu humdhania kuwa hakujifunza somo lake. Wenzake wamempa jina la utani, nalo ni la mnyama. Msichana huyu ni wa mfano tu. Lakini katika shule kubwa hakosi kuwako mmoja aliye kama yeye, na huenda anasoma ukurasa huu.

Kabla ya kutafuta dawa ya meno yake, yafaa kujua ni nini kisicho ugonjwa. Mwanya katikati ya meno mawili ya mbele si ugonjwa. Katika nchi za pwani na bara watu wengi huuhesabu kuwa ni uzuri, na hakuna sababu ya kuuziba. Tena mtoto wa miaka 8 au 9 mara nyingi huonekana kana kwamba meno yake ya mbele ni makubwa mno kwa uso wake, nayo yametawanyika huku na huku. Sababu yake ni kwamba jino halikui likiisha kutoka, bali uso bado unakua. Zaidi ya hayo, chonge za juu bado zimo ndani ya mfupa, nazo hushuka katika umri wa miaka 11 au 12. Zikishuka huyasogeza meno ya mbele yakakaribiana. Basi mzazi asiye na haraka huweza kuona mambo mengi yakijitengeneza yenyewe. Lakini milimita 9 za kutangulia hazijitengenezi.

Meno ya utotoni ni 20. Katika umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya hayo yote, hutoka gego la kwanza la kudumu, moja kila upande, juu na chini. Halikutoa jino lo lote mahali pake, na kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa ni la utotoni, wakaliacha lioze. Hasara hiyo ni kubwa, maana gego hilo ni kama nguzo ya pembeni katika nyumba; mengine yote hupimwa kwake. Baadaye meno ya utotoni huanguka moja moja, ya kudumu yakishika mahali pake, mpaka mtu mzima awe na meno 32, akihesabiwa na magego ya mwisho yanayotoka baada ya miaka 17, kama yakitoka.

Mwaka 1899 daktari wa meno wa Marekani, jina lake Edward Angle, alitangaza namna ya kuyapanga maumano ya meno kwa kutazama gego hilo la kwanza. Juu ya gego mna vilima na mabonde. Mahali palipo sawa, kilima cha mbele cha upande wa nje cha gego la juu hukaa katika bonde la nje la gego la chini. Angle aliona kwamba kwa watu wengine gego la chini limekaa nyuma ya mahali pake, pamoja na safu yote ya meno ya chini. Hao aliwaweka katika daraja la pili, na katika daraja hilo wamo wengi wenye meno yaliyotokeza. Daraja zake hutumiwa na madaktari hata leo.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalitazamii. Watu humtazama msichana yule wakasema meno yake ya juu yamekwenda mbele. Daktari akimtazama kwa ubavu aweza kuona kwamba taya la juu liko mahali pake, bali taya la chini ni fupi, limebaki nyuma. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Kwa macho mambo hayo mawili yafanana, lakini matengenezo yake si sawasawa.

Sababu za kasoro hii ni nyingi. Ya kwanza ni urithi. Umbo la taya hurithiwa kama umbo la pua. Mtoto akifanana na baba yake kidevuni, si ajabu, wala si kosa la mtu. Sababu nyingine hutoka katika mazoea, na kubwa miongoni mwayo ni kunyonya kidole. Mtoto mchanga anyonyapo kidole gumba hakuna neno. Wengi huacha wenyewe kabla ya kufika miaka 4. Lakini yule anayeendelea mpaka meno ya kudumu yatokapo huwa ameweka kinywani mwake kitu kinachoyasukuma meno ya juu kwenda nje na ya chini kwenda ndani, usiku baada ya usiku. Nguvu ya kidole kilicholala kinywani ni ndogo sana. Kinachodhuru ni wingi wa saa. Jambo hili likumbukwe, kwa maana litatokea tena mbele, likifanya kazi njema.

Meno ya juu yakiisha kutangulia, mdomo wa chini huingia nyuma yake na kukaa hapo. Nao huyasukuma zaidi. Hivyo kasoro ndogo hujilisha yenyewe ikawa kubwa. Tena gego la utotoni likioza na kung'olewa mapema, meno yaliyo nyuma yake husogea kujaza pengo, na lile la kudumu linapotaka kutoka halikuti nafasi.

Katika sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki iko desturi ya kuwatoboa fizi watoto wachanga ili kuyatoa yale yanayoitwa meno ya plastiki, kwa kudhani kwamba ndiyo yaletayo homa na kuharisha. Yale si meno mabaya. Ni vichipukizi vya chonge za utotoni, laini kwa kuwa bado havijakomaa. Mtoto huumia, huweza kupata sumu ya damu, hata kufa. Na akipona, chonge za kudumu zilizolala chini huweza kutoka zimeharibika au zisitoke kabisa. Homa ya mtoto itafutiwe dawa zahanati.

Wataalamu wanaochunguza mafuvu ya watu wa kale wameona jambo la ajabu. Watu waliokula nyama ngumu na mizizi, wasio na kilimo, meno yao yalilika sana, na walipokuwa watu wazima ya mbele yalikutana ncha kwa ncha kama makali ya koleo. Baada ya watu kuanza kupika uji na mikate na vyakula laini, meno hayakulika kama zamani, na ya juu yakabaki yamefunika ya chini tangu utotoni hata uzeeni. Sasa mwanafunzi atamke neno fimbo, kisha neno vazi, huku akijitazama kiooni. Ataona mdomo wa chini ukipanda na kugusa ncha za meno ya juu. Mwaka 1985 Charles Hockett, mtaalamu wa lugha wa Marekani, alieleza kwamba sauti hizo mbili ni rahisi zaidi kwa mtu ambaye meno yake ya juu yametangulia kidogo, na kwa hiyo huenda zimeenea duniani pamoja na vyakula laini. Wataalamu wengine waliipima hoja hiyo wakaiunga mkono katika mwaka 2019, ingawa si wote wanaokubali. Ikiwa ni kweli, basi kutangulia kwa kiasi ni jambo lililotupatia herufi mbili.

Kutangulia kupita kiasi ni jambo jingine. Msichana yule akikimbia uwanjani akajikwaa, kitakachogonga ardhi kwanza ni meno yake, kwa kuwa mdomo hauyafuniki. Imepimwa ikaonekana kwamba watoto ambao meno yao yametangulia zaidi ya milimita 3 huumia meno ya mbele karibu mara mbili kuliko wengine. Jino la kudumu likivunjika halioti tena. Likichomoka zima pamoja na mzizi wake, lisitupwe. Lishikwe kwa upande wa juu, si kwa mzizi. Lisuguliwe hata kidogo isiwe. Lioshwe upesi kwa maji safi au maziwa na kurudishwa shimoni mwake, mtoto aume kitambaa. Ikishindikana, litiwe katika kikombe cha maziwa, na mtoto apelekwe kwa daktari wa meno upesi, katika saa ile ile ikiwezekana. Hayo ni kwa jino la kudumu tu. La utotoni halirudishwi, kwa maana laweza kuliharibu lililo chini yake.

Wenye kufunika kupita kiasi wana taabu yao wenyewe. Meno ya chini yakikosa kizuizi huendelea kupanda mpaka yaguse ufizi wa kaakaa nyuma ya meno ya juu. Kila atafunapo mtu hujichoma mwenyewe. Ufizi huvimba, hutoka damu, na kwa miaka mingi hurudi nyuma.

Kuhusu jina la utani halina kipimo cha milimita, lakini madaktari hawalidharau. Mtoto anayefumba kinywa shuleni huacha kuuliza maswali, na asiyeuliza hubaki nyuma.

Nyumbani kwa msichana huyu mjomba wake amesikia kwamba meno huweza kuvutwa. Amechukua mpira mdogo, ule wa kufungia noti, anataka kuyazungushia meno mawili ya mbele usiku. Kwa macho yaonekana ni akili. Lakini jino ni nene karibu na ufizi na jembamba kuelekea ncha ya mzizi. Kwa hiyo mpira hauketi mahali ulipowekwa, bali huteleza ukapanda ndani ya ufizi usionekane tena, ukaendelea kupanda ukikata nyuzi zinazolishika jino. Mtu hudhani umedondoka usiku. Baada ya majuma jino hulegea, na meno mazima yasiyo na doa lo lote huanguka. Madaktari wamekwisha kuandika habari za namna hiyo mara nyingi. Vivyo hivyo kufunga uzi, kupiga jino tupa ili lifupike, au kung'oa meno mawili ya mbele ili uso uwe sawa, ni kuharibu. Shangazi yake anayesema wamwache hivyo alivyo, maana hata nyanyake alikuwa hivyo akazaa na kulea, ana busara kuliko mjomba. Lakini iko njia ya tatu.

Njia hiyo imesimama juu ya ukweli mmoja: mfupa ni kitu kilicho hai. Msumari uliopigwa ubaoni hauwezi kusogezwa kando ila kwa kuupasua ubao. Jino si kama msumari. Mzizi wake haukugandamana na mfupa. Kati yake mna utando wa nyuzi laini, unene wake kama sehemu ya tano ya milimita moja, wenye damu na mishipa ya fahamu. Jino likisukumwa polepole, upande mmoja nyuzi hubanwa, na upande wa pili huvutwa. Upande unaobanwa, mwili huleta chembe hai ambazo kazi yake ni kuumeng'enya mfupa. Upande unaovutwa huja chembe nyingine zinazojenga mfupa mpya. Basi shimo la jino husafiri pamoja na jino lenyewe, mbele likichimbwa, nyuma likifukiwa. Carl Sandstedt wa Sweden aliyaonyesha hayo kwa kuyachunguza meno ya mbwa, akayatangaza katika miaka ya 1904 na 1905.

Mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi. Mwenye haraka atauliza, mbona nguvu isiongezwe? Kwa sababu nguvu kubwa huubana utando mpaka damu ikome kupita. Chembe hai za hapo hufa, na mfupa ulio karibu haumeng'enywi mpaka chembe nyingine zije kutoka mbali. Jino husimama majuma kadhaa badala ya kwenda, na ncha ya mzizi huweza kulika ikawa fupi. Nguvu ndogo inayodumu hufika mapema kuliko nguvu kubwa. Ni kazi ile ile ya kidole gumba, ila sasa imegeuzwa kuelekea upande wa pili.

Kazi hii haikuanza jana. Pierre Fauchard wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alieleza ukanda mwembamba wa chuma uliopindwa kama upinde, ambao meno yaliyopotoka yalifungwa juu yake kwa nyuzi. Norman Kingsley wa New York, katika kitabu chake cha mwaka 1880, alieleza kibao cha kinywani kilichomlazimisha mtu kuuma akiwa ameleta taya la chini mbele. Wakati wa Angle waya zilikuwa za dhahabu na madini mengine ya thamani. Kuanzia miaka ya 1930 chuma kisichoshika kutu kilianza kushika mahali pa dhahabu, na gharama ikapungua.

Siku ya kwanza hospitalini msichana hafungwi waya wo wote. "Shikamoo, daktari," asema, mkono ukiwa kinywani. "Marahaba, mwanangu. Toa mkono, nami nione taabu yako," daktari amjibu. Kisha huhesabu meno, huziba yaliyotoboka, humfundisha kupiga mswaki, na kumwambia wazi kwamba kinywa kichafu hakifungwi vyuma. Picha ya eksirei huonyesha mizizi na meno ambayo hayajatoka. Kinywa huchukuliwa umbo, na meno ya mfano hutengenezwa kwa plasta nyeupe, yakawekwa mezani ili yapimwe pande zote.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa mwenye taya la chini lililobaki nyuma, wakati mwema ni ule ambapo mwili unakua kwa kasi, yaani miaka michache ya kubalehe, ambayo kwa wasichana hutangulia kuliko kwa wavulana. Wakati huo huweza kutumika vibao viwili, kimoja juu na kimoja chini, vyenye miinuko iliyochongwa kwa mshazari. Mtu akiuma, miinuko huteleza moja mbele ya nyingine, na taya la chini hulazimika kukaa mbele. Vibao vya namna hii vilibuniwa na William Clark huko Scotland mwaka 1977. Huvaliwa mchana na usiku, na kwa miezi ya kwanza msichana husema kwa kitembe na mate humtoka. Yafaa kusema kweli hapa: watu walidhani taya lenyewe hurefuka sana, lakini vipimo vimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya matengenezo hutoka katika kusogea kwa meno, na sehemu ndogo katika mfupa wa taya. Tena kuanza mapema mno, katika miaka 8 au 9, hakuleti mwisho mwema kuliko kuanza wakati wa kubalehe, ila meno yaliyorudishwa mapema hupona na ajali za kuvunjika. Kwa mtoto mwenye michezo mingi, hiyo ni faida ya kutosha.

Baada ya hapo hufuata vyuma vya meno. Kila jino hubandikwa kipande kidogo chenye mfereji, na katika mifereji hupita waya mwembamba unaotaka kunyoka. Unyokapo huyavuta meno pamoja nao. Mipira midogo huvutwa kutoka chonge ya juu mpaka gego la chini, ili kurudisha safu ya juu nyuma na kuleta ya chini mbele. Mipira hii si ile ya mjomba: imeshikwa na vyuma, haiwezi kuteleza, na nguvu yake imepimwa. Mahali pasipo na nafasi kabisa, daktari huweza kung'oa meno mawili ya nyuma ya chonge, moja kila upande, ili ya mbele yapate pa kurudi.

Kwa mwenye kufunika kupita kiasi kuna hila nzuri. Kibao cha juu huwekewa kidaraja nyuma ya meno ya mbele. Akiuma, meno ya mbele ya chini hugonga kidaraja, na magego hayakutani. Magego yaliyokosa mwenziwe huanza kupanda polepole mpaka yakutane tena. Na yakiisha kukutana, kinywa chote kimeinuka, na meno ya mbele ya chini huonekana.

Mtu mzima naye hutengenezwa, kwa maana mfupa wake ungali hai, na meno yake husogea ingawa polepole zaidi. Lisilowezekana kwake ni kulikuza taya. Kasoro ikiwa kubwa, madaktari hupasua taya la chini pande zote mbili kwa mshazari, hulisogeza mbele na kulifunga kwa skrubu. Namna ya upasuaji huo ilitangazwa na Richard Trauner na Hugo Obwegeser mwaka 1957. Si kazi ya kila hospitali, wala haifanywi kwa ajili ya milimita chache.

Msichana wa miaka 11 atavaa vibao na vyuma kwa miaka miwili, au na nusu. Gharama si ndogo, na mzazi wake aulize jumla yote kabla ya kuanza, maana kazi iliyoachwa katikati huweza kuwa mbaya kuliko isiyoanzwa. Atakwenda kwa daktari kila baada ya majuma machache. Siku mbili tatu baada ya kila safari meno yatamwuma, naye atakula uji na ndizi zilizopondwa. Muwa, mahindi ya kuchoma, bisi na peremende za kunata ataziacha, kwa kuwa hubandua vyuma. Mswaki utapita juu ya waya na chini yake kila baada ya kula. Asipofanya hivyo, siku vyuma vitakapotolewa kila jino litakuwa na alama nyeupe yenye umbo la kipande kilichobandikwa, nayo haifutiki kwa mswaki.

Siku vyuma vinapotolewa, wengi hudhani kazi imekwisha. Nyuzi zile laini zilizovutwa hazijatulia, na mfupa mpya bado ni mchanga; meno yakiachwa peke yake huanza kurudi yalikotoka. Kwa hiyo daktari humpa kibao chepesi chenye waya mmoja mbele, avae kama alivyoagizwa, na baadaye usiku tu kwa miaka mingi. Likizo ikija, akikisahau kibao sandukuni kwa majuma matatu, atakapokivaa tena kitambana na meno yatamwuma. Asikilazimishe kwa nguvu, wala asikitupe; akivae kikiwa bado kinaingia, na kisipoingia arudi kwa daktari juma lile lile. Kibao huoshwa kwa maji ya baridi na mswaki, kwa maana maji ya moto hukipinda. Na kisifungwe katika karatasi wakati wa kula, kwa sababu mwenye kufagia atakitupa pamoja na maganda.